Profoma nne, mhasibu mmoja: kuchagua kompyuta mpakato ya AMCOS kabla ya msimu wa korosho

Tuchukue mfano wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) moja ya kijijini, wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Daftari lake lina wakulima 1,500. Bodi imepitisha shilingi 2,000,000 za kompyuta mpakato ya mhasibu, na inatakiwa iwe mezani kabla minada ya Oktoba haijaanza. Iliyopo ina prosesa ya Core i3-5005U, RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500 na skrini ya inchi 15.6 yenye pikseli 1366 kwa 768. Wajumbe wameshaafikiana jambo moja: safari hii inunuliwe "yenye nguvu", yaani Core i7. Hakuna aliyeuliza ile ya zamani inakwama wapi.

Kazi yenyewe ni hii. Mkulima analeta mzigo ghalani, unapimwa, unapangiwa daraja, anaandikiwa stakabadhi. Wengi huleta zaidi ya mara moja, kwa hiyo faili la Excel la msimu linafika mistari 7,000 hivi. Baada ya mnada bei inaingizwa, makato yanatolewa, na orodha ya malipo yenye namba za akaunti inakwenda benki. Pembeni kuna mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika, MUVU, unaofunguliwa kwenye kivinjari, barua pepe za chama kikuu, WhatsApp ya mezani, stakabadhi za kuskani, printa ya leza, na kikao cha mtandaoni mara mojamoja. Hakuna video ya kuhariri wala ramani ya kuchora. Ni kazi ya namba nyingi, madirisha mengi, na siku ndefu.

Itazame mashine iliyopo ikiwa kazini

Njia rahisi ya kujua ununue nini ni kupima kinachokukera sasa. Fungua kila kitu kinachofunguliwa siku ya malipo: faili la msimu, kivinjari chenye kurasa nane, WhatsApp, na PDF tatu nne za stakabadhi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda kwenye ukurasa wa Performance, kisha fanya kazi kama kawaida kwa dakika kumi huku ukiuangalia.

Kwa mashine ya aina hii utaona prosesa ikichezea asilimia 25 hadi 35, RAM imejaa GB 3.7 kati ya 3.9, na diski iko asilimia 100 bila kushuka. Maana yake ni kwamba prosesa imekaa inasubiri. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka kwa mizunguko 5,400 kwa dakika huweza kusoma vipande vilivyotawanyika takribani mia moja tu kwa sekunde. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ya kawaida kabisa husoma makumi ya maelfu. Hata ukiipa mashine hiyo prosesa ya bei mbaya, bado itapanga foleni palepale.

Kuna mahali pamoja ambapo prosesa inapanda hadi juu na kubaki huko: mhasibu akibadilisha kilo za mkulima mmoja, Excel inaganda. Fungua fomula kabla ya kumlaumu fundi. Mara nyingi jumla ya kila mkulima imeandikwa kwa SUMPRODUCT inayotaja safu nzima, A:A na F:F. Safu moja ya Excel ina mistari 1,048,576, na SUMPRODUCT haijali kwamba data imeishia mstari wa 7,000, inapita yote. Zidisha kwa wakulima 1,500 upate ukaguzi zaidi ya bilioni 1.5 kila mara hesabu inaporudiwa. SUMIFS inatoa jibu lilelile, na yenyewe huishia pale data inapoishia. Ukibadilisha fomula hiyo peke yake, hata i3 ile ya zamani inapumua. Kununua Core i7 ili ibebe fomula mbovu ni kutupa fedha za wakulima, na msimu ujao mistari ikiongezeka mtarudi kulekule.

RAM ngapi, na ya namna gani

Piga hesabu ya matumizi. Windows 11 ikiwa imetulia huchukua GB 3 hadi 4. Kivinjari chenye kurasa nane mpaka kumi, GB 2 hivi. Excel na faili la msimu, GB 0.5 hadi 1. Kikao cha mtandaoni, karibu GB 1. Ongeza WhatsApp, kinga ya virusi, na kile kinachokatwa na kadi ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa, maana nayo hula RAM hiyohiyo. Unafika 7 au 8, hata kupita. Kwa hiyo GB 8 zinatosha siku ya kawaida na zinabana siku ya malipo, GB 16 zinakaa raha, na 32 ni za mtu mwingine.

Lakini idadi ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni kama RAM imechomelewa kwenye bodi ya kompyuta au inakaa kwenye sloti, yaani tundu la kuchomeka na kuchomoa. Iliyochomelewa haiongezeki; uliyonunua ndiyo utakayokufa nayo. Mashine yenye GB 8 kwenye kijiti kimoja na sloti ya pili tupu ni bora kuliko ile yenye GB 8 zilizochomelewa, hata kama ya pili ina RAM ya kisasa zaidi kwenye karatasi. Ukiweka kijiti cha pili kinacholingana, prosesa inasoma njia mbili kwa wakati mmoja, na kadi ya grafiki ya ndani ndiyo inayofaidi zaidi.

Profoma zenyewe

Wauzaji wanne wameleta bei. Kwenye karatasi zote zinavutia.

Ya kwanza imeandikwa "Core i7, RAM 16GB, SSD 512GB", ni mtumba, na ndiyo iliyowapendeza wajumbe. Muuzaji akiulizwa namba kamili ya prosesa anajibu i7-6600U. Hiyo ni kizazi cha 6, ya mwaka 2015, na ina viini 2 tu, yaani vitengo vya kufanyia hesabu. Orodha rasmi ya Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kabla ya hapo. Windows 10 nayo iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine hizi na inawaka, lakini ofisi inayotuma orodha ya malipo benki haina sababu ya kutegemea ujanja ambao Microsoft hawaungi mkono. Herufi i7 haisemi lolote mpaka uone tarakimu zinazofuata.

Ya pili ni mpya: "Ryzen 5 ya mfululizo wa 7000, RAM 8GB, SSD 512GB". Namba kamili ni 7520U. Kwa mfululizo huo wa AMD, tarakimu ya tatu ndiyo inayosema usanifu wa ndani: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3 ya baadaye. Kwa hiyo 7520U ina usanifu wa Zen 2 na viini 4, wakati 7530U, yenye jina linalokaribiana kabisa, ni Zen 3 yenye viini 6. Isitoshe, 7520U hutumia RAM aina ya LPDDR5 ambayo huchomelewa kwenye bodi. GB 8 leo, GB 8 mwaka 2030. Si mashine mbovu. Kwa mwalimu wa kuandaa mitihani ingefaa. Kwa mhasibu wa AMCOS inaishiwa mapema.

Ya tatu ni mpya pia: Core i5-1335U, RAM ya DDR4 GB 8 kwenye kijiti kimoja na sloti moja tupu, SSD ya NVMe GB 512, skrini ya inchi 15.6 aina ya IPS yenye pikseli 1920 kwa 1080, betri ya Wh (wati-saa) 42, chaja ya USB-C ya wati 65. Prosesa hiyo ina viini 10: viwili vya nguvu na nane vya kubana umeme.

Ya nne ni ya michezo: Core i5-12450H na kadi ya RTX 3050. Imezidi bajeti, ila muuzaji anasema tuzungumze. Hakuna cha kuzungumza. Kadi hiyo haiharakishi Excel hata chembe, chaja yake ni tofali la wati 150 au zaidi, na betri yake haitafika adhuhuri.

Skrini na kibodi, mahali ambapo wengi hupitia juujuu

Mhasibu anatazama skrini saa nane kwa siku. Prosesa haioni hata mara moja. Hata hivyo kwenye profoma skrini huandikwa neno moja, "15.6".

Mstari wa kawaida wa Excel una urefu wa pikseli 20. Skrini ya pikseli 1080 kwenda chini ina pikseli 312 zaidi ya ile ya 768, yaani mistari 15 ya ziada inayoonekana bila kusogeza. Kwa mtu anayelinganisha stakabadhi na orodha, hiyo ni tofauti kubwa. Ila kuna mtego: Windows huweka ukuzaji wa asilimia 125 kwenye skrini za namna hii, na hapo faida inashuka hadi mistari mitano tu. Rudisha asilimia 100 kama macho yanaruhusu. Kama hayaruhusu, acha 125 kwa menyu na punguza zoom ya karatasi ya Excel hadi 80.

Aina ya paneli iulizwe kwa jina. TN ukiiangalia kwa pembeni au kutoka juu rangi hugeuka, na wajumbe wawili wakisimama nyuma ya mhasibu kuhakiki orodha hawaoni kitu. IPS haina tabia hiyo. Mwangaza wa niti 250 unatosha ndani ya chumba. Kama meza iko barazani au mlangoni, tafuta 300 kwenda juu, na isiwe ya kung'aa.

Kisha kibodi ya namba pembeni. Kilo, bei, namba za akaunti: hizi huingizwa kwa mkono wa kulia bila kutazama. Mashine za inchi 14 karibu zote hazina safu hiyo, za 15.6 nyingi zinayo lakini si zote. Anayependa inchi 14 kwa sababu ya wepesi anaweza kununua kibodi ndogo ya namba ya USB, ila itasahaulika nyumbani siku ya mnada. Kwa mhasibu anayekaa ofisini na kusafiri mara chache kwenda Newala au Mtwara mjini, 15.6 ndiyo sahihi.

Matundu ni jambo dogo, liangalie na kulimaliza: angalau USB mbili za kawaida kwa printa na flashi, HDMI kwa projekta ya mkutano mkuu, na USB-C inayopokea chaji. Projekta ikiwa ya zamani yenye VGA, nunua adapta siku hiyohiyo.

Umeme, joto na salfa

Betri isomwe kwa Wh, si kwa "saa 10" za kwenye boksi. Kazi ya Excel na kivinjari, mwangaza ukiwa wa wastani, hula wati 8 hadi 10. Gawanya 42 kwa 9 upate saa nne na nusu hivi ikiwa mpya. Betri ikichoka hadi asilimia 80 zinabaki saa tatu na nusu na ushee. Kwa ofisi yenye umeme wa TANESCO unaokatika na kurudi, hiyo inatosha. Asiyetosheka atafute betri ya Wh 50 na kitu, badala ya kuongeza prosesa.

Chaja ya USB-C ina faida ambayo profoma haziitaji. Ofisi yenye sola ya volti 12 inaweza kuchaji kwa adapta ya gari ya USB-C ya wati 65, bila kupitia inveta. Betri ya asidi ya Ah (ampea-saa) 100 ina Wh 1,200. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, ni Wh 600. Mashine inayokula wati 15 pamoja na upotevu itakwenda siku kadhaa za kazi. Inveta za bei chee ambazo umeme wake hauna mawimbi laini huifanya chaja ipate moto na kulia, ziepukwe.

Programu nyingi za watengenezaji huruhusu kuzuia chaji isizidi asilimia 80 ili betri iishi zaidi, hasa kwenye joto. Washa kizuizi hicho kuanzia Februari hadi Septemba, kizime msimu ukianza. Siku umeme ukikatika katikati ya malipo utazitaka zile 20.

Watengenezaji wengi hupima mashine zao kwa hewa isiyozidi nyuzi 35. Ofisi yenye bati bila dari inafika huko mchana, kwa hiyo mashine isikae juu ya daftari wala kitambaa kinachoziba matundu ya chini. Linalosahaulika zaidi ni salfa. AMCOS nyingi hupokea mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na mifuko hukaa chumba cha pili, pengine chumba kilekile. Salfa hushambulia fedha na shaba, na madini hayo yamo kwenye vipande vidogo vya kila bodi ya kompyuta. Haiui kwa siku moja. Mashine inaanza kuzima bila sababu, tundu la USB linaacha kushika, na fundi anasema "bodi imekufa". Hakuna sifa ya kununua inayozuia hili. Kinachosaidia ni kutenganisha vyumba, kuihifadhi mashine kwenye mkoba uliofungwa baada ya kazi, na kuchagua mashine ambayo kifuniko cha chini kinafunguka kwa skrubu za kawaida ili feni isafishwe kila mwaka kabla ya msimu.

Windows na nakala

Chukua Windows 11 Pro. Sababu ni BitLocker, inayofunga data ya diski kwa ufunguo wa siri: diski ina majina na akaunti za wakulima 1,500, na kompyuta huibwa. Ufunguo wa kufungulia uchapishwe na uwekwe kwenye kasha la fedha, maana bila huo hata mwenye mali hafungui. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, washa chaguo la mtandao unaolipiwa kwa kipimo (Metered connection), vinginevyo masasisho yatakula bando la wiki kwa usiku mmoja. Mara moja kwa mwezi lizime na uache yapakuliwe. Diski mbili za nje za kunakili, moja ofisini na moja kwa mwenyekiti, zikibadilishana kila Ijumaa.

Uamuzi, na barua kwa muuzaji

Profoma ya tatu inashinda, kwa sharti la kuongeza kijiti cha GB 8. Kwenye bajeti ya milioni 2, mashine isizidi 1,650,000; zilizobaki 350,000 ziende kwenye kijiti hicho, diski mbili za nje, na kifaa kidogo cha kuilinda ruta umeme ukikatika. Bodi ikikosa fedha hizo, chaguo la pili ni mtumba wa daraja la ofisi wenye i5 ya kizazi cha 8, viini 4, mfano i5-8350U. Hiyo inakubaliwa na Windows 11 na huwa na RAM ya sloti.

Barua ya kuagiza isiseme "Core i5 au bora zaidi", kwa sababu muuzaji ataleta i7 ya 2015 na kisheria atakuwa ametimiza. Iandike namba kamili ya prosesa, neno "sloti moja iwe tupu", aina ya paneli, Wh za betri, Windows 11 Pro iliyoamilishwa, waranti ya miezi 12 na mahali itakapotekelezwa. Hilo la mwisho lina uzito huku kusini: karakana ikiwa Dar es Salaam pekee, mashine inasafiri zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara kwa basi, na msimu hausubiri. Uliza pia, kwa maandishi, kama kufungua kifuniko kuongeza RAM kunafuta waranti.

Siku ya kupokea, ukaguzi ufanyike kabla ya malipo ya mwisho. Task Manager itaonyesha jina la prosesa, idadi ya viini na sloti za RAM zilizotumika. Viini vihesabiwe, kwa sababu jina la prosesa linaweza kughushiwa kwenye Windows. Andika tpm.msc uone toleo 2.0 la TPM, kijenzi cha usalama kinachotakiwa na Windows 11. Kwenye dirisha la amri andika powercfg /batteryreport: kwa mashine mpya, uwezo wa sasa wa betri unakaribiana na ule wa kiwandani. Andika slmgr /xpr uone kama Windows imeamilishwa kwa kudumu au itaisha tarehe fulani. Gusa kila kitufe, chomeka flashi kila tundu, linganisha namba ya mashine na ya kwenye boksi, kisha dai risiti ya EFD. Bila hiyo waranti ni maneno.

Kuhusu kijiti cha pili: kiwe DDR4 ya 3200, umbo dogo la kompyuta mpakato. DDR5 haiingii kwenye sloti ya DDR4, mkato wake uko mahali pengine, na wanaolazimisha huvunja sloti. Zima mashine huku umeshikilia Shift ili izimike kabisa, ondoa chaja, fungua kifuniko, chomoa waya wa betri. Ingiza kijiti kwa mshazari wa nyuzi 30 mpaka rangi ya dhahabu ipotee ndani, kisha kisukume chini hadi vishikio viwili vilie. Ikiwashwa mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda; usizime kwa haraka. Ikionyesha GB 8 tu, kijiti hakijakaa, kitoe ukirudishe.

Ile i3 ya zamani isitupwe. SSD ya SATA ya GB 240 na kijiti cha GB 8 aina ya DDR3L, yenye L kwa sababu ni ya volti 1.35, vinaifufua. Ikae karibu na mizani kwa ajili ya kuingiza kilo tu, bila intaneti na bila akaunti za benki, na data ihamishwe kwa flashi jioni.